Kwikwi Chini ya Mkorosho

Tofali la kwanza lilimkosa Linus. La pili lilimpata begani, la tatu likampasua juu ya sikio, na hapo akaanguka kifudifudi mbele ya kibanda cha chipsi, katikati ya Nkowe, mchana kweupe. Watu wakamvamia. Kila aliyepata nafasi alipiga teke, na aliyeikosa alitafuta jiwe.

Inspekta Felomena Mbunda wa upelelezi aliruka kutoka kwenye gari la polisi kabla halijasimama sawasawa. Alifyatua risasi hewani. Wa nyuma walikimbia. Wa mbele hawakusikia, au walisikia wasijali. Alipenya kwa viwiko. Fimbo iliyokusudiwa mtu mwingine ikamchapa mgongoni, akamgeukia mwenye fimbo na kumpiga kitako cha bastola mdomoni, akapita. Alipofika katikati hakumwona Linus. Alimwona mwanamume mwingine, mpana wa mabega, amelala juu ya Linus na kumfunika kichwa kwa mikono yake, mateke na mawe yakimshukia yeye.

"Siye!" mwanamume huyo alikuwa anapiga kelele. "Siye huyu! Nawaambia siye!"

Felomena alifyatua risasi ya pili ardhini, karibu na miguu ya watu. Safari hii walielewa. Kufumba na kufumbua uwanja ulibaki mtupu, kandambili zimetapakaa kila mahali.

Linus alikuwa hai. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, na kila alipovuta pumzi ubavu wake wa kushoto uliingia ndani badala ya kutoka nje. Mwanamume aliyemkinga alijiinua, akaketi kwenye vumbi akijishika kichwa, damu ikimchuruzika hadi kwenye kola ya shati lake la mikono mirefu. Felomena alimfahamu. Alikuwa Bakary, mkulima wa korosho wa palepale, rafiki mkubwa wa Swalehe. Na Swalehe ndiye marehemu ambaye watu wale walikuwa wanamlipia kisasi.

"Panda gari, twende hospitali," Felomena alimwambia.

"Mchukueni huyo, Afande. Mimi nitajiosha nyumbani." Bakary alinyanyuka, akajikokota zake bila kugeuka.

Felomena alimtazama msaidizi wake, Koplo Gwakisa, kijana wa Tukuyu ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka tangu ahamishiwe mkoa wa Lindi. Alikuwa amemwacha Nkowe tangu jana achukue maelezo ya majirani.

"Nani ameanzisha haya?"

"Nadhani ni mimi, Afande," Gwakisa alisema.

Alieleza wakiwa barabarani kuelekea Nachingwea, Linus akikoromea damu yake kwenye kiti cha nyuma.

Jana yake Swalehe alikutwa amekufa shambani kwake, amelala chini ya mkorosho, mwili mzima umegeuka njano kwa unga wa salfa, dawa ya mikorosho, mashine ya kupulizia iko kando yake. Kijiji kizima kilisema ni pumu. Swalehe alikuwa na pumu tangu utotoni, na mwenye pumu hana sababu ya kupuliza salfa bila kitambaa puani. Ndugu walitaka wazike siku ileile. Felomena alikataa kuwaachia mwili. Zulfa, mjane, alijitupa mbele ya gari la polisi, ikabidi wanawake wanne wamwondoe.

"Bibi Sabaha ndiye jirani wa shamba," Gwakisa alisema. "Aliniambia asubuhi alisikia mtu anakoroma kule mikoroshoni. Baadaye akasikia kwikwi. Kisha mashine ikawaka, ikalia mpaka watu wakatoka kuswali adhuhuri. Nikapanga kichwani mwangu: Swalehe alipitiwa na usingizi, akaja mlevi mwenye kwikwi, Swalehe akaamka akaendelea na kazi, halafu mlevi akamrudia. Nikaenda kijiweni kwa bodaboda nikauliza nani hapa hulewa mpaka akashikwa na kwikwi. Wote wakasema Linus. Wiki iliyopita aligombana na Swalehe mnadani, baada ya kumgongea mbuzi wake kwa pikipiki. Linus akamwambia atamchinja, afe kama alivyokufa yule mbuzi."

"Ukawaambia kwa nini unauliza?"

"Sikuwaambia. Walijua wenyewe."

Nyuma yao Linus aliita jina la mama yake mara moja, akanyamaza.

*

Hospitalini Linus alipelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Wao walizunguka nyuma, kwenye chumba cha maiti, alikokuwa anawangoja Daktari Agape, mtu wa Moshi, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Swalehe alikuwa mezani, amefunguliwa tangu kidevuni mpaka kitovuni. Gwakisa alisimama karibu na mlango.

Daktari alianza kutaja majina ya Kilatini. Felomena akamkatiza.

"Nipe kwa Kiswahili, Daktari. Hakimu ataandika kwa Kiswahili, na wakili atanibana neno kwa neno."

"Haya. Twende na njia ya hewa, tangu juu." Agape alielekeza kwa koleo. "Puani unga umejaa. Mdomoni umejaa. Nyuma ya mdomo, hapa, ni koromeo. Umejaa vilevile. Sasa hapa njia zinaachana. Hii ya nyuma ni umio, chakula kinakwenda tumboni. Hii ya mbele ni koo la hewa, linakwenda mapafuni. Na mlangoni pa koo la hewa pana zoloto. Jishike shingo, sema 'aa'."

Felomena alijishika, akasema.

"Hicho kinachotetemeka ndicho zoloto. Sauti inatoka hapo. Sasa tazama mwenyewe. Unga umeishia juu yake."

Alilipanua koo la hewa lililopasuliwa. Ndani lilikuwa jekundu na lenye unyevu, safi. Akaonyesha linapogawanyika matawi mawili, pafu la kulia na pafu la kushoto. Safi.

"Na chini zaidi?"

"Matawi yanagawanyika mpaka yanakwisha kwenye vifuko vya hewa, vidogo kuliko punje ya ulezi. Nimeviangalia kwa darubini. Hakuna chembe."

"Yaani mwenye pumu aliyekufa kwa vumbi la salfa hana salfa mapafuni."

"Mwenye pumu angehema, angetweta, angelivuta vumbi mpaka chini kabisa. Huyu vumbi lilimkuta havuti tena. Lilipulizwa usoni pa maiti."

Gwakisa alisogea bila kujijua.

"Alikufaje?" Felomena aliuliza.

"Kuna mfupa mdogo chini ya ulimi, umepinda kama upinde. Umevunjika. Pembe za zoloto zimevunjika pia. Macho yana vidoa vya damu. Shingoni hakuna alama ya kamba wala ya vidole."

"Hakunyongwa, basi."

"Kunyongwa ni kamba. Kukabwa ni mikono. Huyu amekabwa, lakini si kwa viganja. Ni kitu kipana na laini, kutoka nyuma."

Felomena alikunja mkono wake wa kulia, akauweka chini ya kidevu chake mwenyewe. "Roba."

"Hilo ni neno la vibaka wa stendi. Mimi nitaandika 'kukabwa kwa mkono uliokunjwa'." Agape alivua glavu. "Mawili ya mwisho. Chini ya kucha zake kuna ngozi ya mtu, na damu. Alimparura aliyemkaba, tena kwa nguvu. Na huu unga si salfa tupu. Nusa."

Felomena aliinama. Ndani ya harufu kali ya salfa mlikuwa na harufu nyingine, nzito, ya mafuta, iliyomshika kifuani papo hapo.

"Sumu ya wadudu," Agape alisema. "Ipi, sijui. Nimepeleka sampuli ipimwe. Lakini mtu mzima akiivuta ataumwa. Mtoto akiivuta, sidhani kama atafika hospitali."

*

Walirudi Nkowe jua likiwa bado kali. Bibi Sabaha walimkuta uani kwake, anapepeta ufuta. Aliwatandikia mkeka, akaomba radhi mapema.

"Mwanangu, Kiswahili changu mimi cha sokoni. Kimwera ndicho ninachokijua."

"Basi Kiswahili tukiache, bibi," Felomena alisema. "Jana umemwambia kijana wangu ulisikia mtu anakoroma. Nifanyie huo mlio."

Bibi Sabaha aliweka ungo chini. Aliirudisha shingo nyuma, akafumba macho, akatoa kooni mkwaruzo mrefu uliokatika katikati, ukaanza tena kwa shida, ukakatika. Kuku waliokuwa wanadonoa ufuta wakatawanyika.

Gwakisa alikuwa amekodoa macho. "Bibi, huko si kukoroma."

"Si kukoroma nini? Mbuzi akichinjwa hakoromi?"

"Anakoroma," Felomena alijibu kwa niaba yake. "Na mtu aliyelala?"

"Naye anakoroma. Lakini mimi sikusema amelala. Huyu mwanao ndiye kasema amelala, mimi nikanyamaza. Yeye ndiye serikali."

"Na kwikwi? Ilikuwa ya mlevi?"

"Mlevi katoka wapi?" Bibi Sabaha alianza kutikisa mabega, pumzi ikimkatikakatika kifuani. "Hii. Mwanamume analia, hataki asikiwe. Amelia hivyo kitambo. Ndipo mashine ikawaka. Nikajisemea, aa, basi kazi inaendelea."

Felomena alimgeukia Gwakisa. "Jana tulipoikuta ile mashine, swichi ilikuwaje?"

"Imewashwa, Afande."

"Na petroli?"

"Hakuna hata tone." Gwakisa alikuwa anafikiri kwa sauti sasa. "Na salfa yote ilikuwa kwenye mkorosho mmoja na chini yake. Mingine haikuguswa. Kwa hiyo alimkaba kwanza. Akalia. Akawasha mashine akaielekeza kwa maiti, akaondoka. Mashine ikalia peke yake mpaka mafuta yakaisha. Watu wakiwa msikitini wanasikia, wanajua Swalehe yuko kazini."

"Na muuaji pengine yuko msikitini pamoja nao, anasikia."

Bibi Sabaha alikuwa ameurudia ufuta wake.

"Bibi, tangu watu waanze kupuliza mikorosho msimu huu, kuna mtu amekufa kwa kifua hapa jirani?"

Ungo ulisimama.

"Amna," Bibi Sabaha alisema. "Binti wa Bakary. Hata darasa la kwanza hajaanza. Alitumwa ampelekee Swalehe maji ya kunywa shambani, akasimama kwenye vumbi akicheza. Jioni anatoka povu, kifua kinafanya hivi, hivi. Alfajiri hayupo. Watu wakasema kichomi."

"Na Bakary alisema nini?"

"Bakary hakusema kitu. Alikwenda kwa rafiki yake. Alivyorudi, hakusema kitu."

*

Bakary alikuwa nyuma ya nyumba yake, kichwa amekifunga kipande cha kanga, anakata tawi la mkorosho lililoanguka. Panga lilipanda na kushuka. Alipowaona hakuacha. Felomena alimwashiria Gwakisa azunguke upande wa pili wa banda.

"Kichwa kinaendeleaje, kaka Bakary?"

"Kinauma, Afande. Linus je?"

"Yuko kwa madaktari. Umemwokoa. Nimekuja kukuuliza kwa nini."

"Ni binadamu."

"Kijiji kizima kiliamini ndiye aliyemuua rafiki yako. Wewe ndiye ulipaswa kurusha jiwe la kwanza."

"Mimi sirushi mawe."

"Nilikusikia. Hukusema 'mwacheni'. Hukusema 'mpelekeni polisi'. Ulisema 'siye'. Ulijuaje kama siye?"

Panga lilibaki kwenye tawi. Bakary alilitazama, akalichomoa taratibu.

"Kunja mikono ya shati," Felomena alisema.

"Kuna jua."

"Ndiyo maana nashangaa. Kunja, Bakary."

Bakary alimrushia panga. Halikumpata, Felomena aliinama, likaingia kwenye ukuta wa udongo nyuma yake. Gwakisa alitokea mbio kutoka nyuma ya banda, akamrukia kiunoni, wote wawili wakaanguka juu ya matawi. Bakary alipapasa, akashika jembe lililokuwa limeegemezwa bandani, akapiga nalo bila kuangalia. Mfupa wa mkono wa Gwakisa ulilia kama kijiti kikavu. Kijana alipiga ukelele, akabingirika, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo.

Felomena alikuwa ameshachomoa bastola, lakini Gwakisa alikuwa katikati. Hatua aliyopiga pembeni ili apate nafasi ndiyo iliyomponza. Bakary alimfikia, akampiga kifundo cha mkono, bastola ikaruka, na kabla hajageuka mkono mnene ukamzunguka shingo kutoka nyuma na kumwinua mpaka visigino vikaachana na ardhi.

Alijaribu kuingiza kidevu chini. Alichelewa. Zoloto lilisukumwa nyuma mpaka likakutana na mifupa ya shingo. Kifua kilivuta, kiwambo chini ya mbavu kikaruka kama kinataka kutoka, na hakuna kilichoingia. Alimparura. Kucha zake zilizama kwenye mikwaruzo iliyokuwa tayari imeota kigaga chini ya lile shati, akaichimbua upya, damu ya moto ikamlowesha vidole. Bakary alizidi kukaza. Jua likawa jeusi pembeni. Felomena alisikia sauti mbaya, ya kukwaruza, iliyokatika na kuanza tena, akatambua kuwa inatoka kwake.

Mkono ukalegea.

Alianguka kwa magoti. Hewa iliingia ikimchana. Alikohoa, akatapika, akaisaka bastola kwa kupapasa mpaka akaipata, akageuka nayo akiwa bado chini. Bakary alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa. Mikono yote miwili alikuwa ameiziba masikioni.

"Basi," alikuwa anasema. "Basi, Afande. Huo mlio nimeusikia kwa Amna usiku kucha. Nikausikia kwa Swalehe. Sitaki tena. Nifunge."

Felomena alimfunga pingu. Alifungua mdomo ampe onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litatumika mahakamani. Hakuna kilichotoka ila upepo. Ilibidi Gwakisa aseme, akiwa amekaa juu ya gogo, mkono uliovunjika mapajani, meno yakimgongana kwa maumivu. Alisema neno kwa neno. Bakary alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema licha ya onyo hilo.

"Nilimfuata nikamwomba aniambie tu. Nilimwambia, sikupeleki popote, wewe ni ndugu yangu, niambie ulichanganya nini kwenye salfa. Akacheka. Akasema mwanangu alikuwa na kichomi, na kwamba huzuni inaniharibu akili. Nikaondoka. Nikakaa. Jana nikamrudia nikamwuliza tena, akanigeuzia mgongo, ananiambia nimshikie mashine ajifunge mkanda." Alivuta kamasi. "Sikumbuki kukaza. Nakumbuka kuachia."

"Na mashine?" Gwakisa aliuliza.

"Nilitaka aivute. Hata kama amekufa, nilitaka aivute."

*

Njia ya kutoka kwa Bakary ilipita mbele ya msiba. Watu walikuwa wamejaa uwanjani kwa marehemu wakingoja mwili, na gari la polisi liliwaondoa wengine kwenye mikeka. Dereva alitaka kupita moja kwa moja, lakini Zulfa alikuwa ameshasimama barabarani katika kaniki yake. Safari hii hakujitupa. Alikuja taratibu mpaka kwenye dirisha la nyuma, akaweka kiganja kwenye mlango, akamwona aliyekaa katikati akiwa na pingu.

Wanaume kadhaa walisogea nyuma yake. Felomena aliufungua mfuko wa bastola kiunoni bila kuitoa.

"Shemeji Bakary," Zulfa alisema.

Bakary alitazama magoti yake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Zulfa hakupiga kelele. Aligeuka, akawaambia wanaume warudi kwenye mikeka, na kwa jinsi alivyosema wakarudi. Kisha akainama tena dirishani, na sasa alizungumza na Felomena, kwa sauti ya chini.

"Afande, kuna mfuko wa ile salfa yenye sumu umebaki stoo. Swalehe alimpa mtu mwingine nusu, wa Mbekenyera, jina lake nitakutajia. Mfuate leo, kabla hajaitumia. Mimi nilimwambia Swalehe aumwage. Siku ile mtoto alipougua, alirudi nyumbani akaoga mara mbili, akachoma nguo alizokuwa amevaa. Hakula. Nikamwuliza, akaniambia nikifumbua mdomo tumekwisha."

Bakary alikuwa ameinua kichwa.

"Alijua?" aliuliza.

"Alijua jioni ileile."

"Na wewe ulikuja matangani. Ulikaa na mke wangu. Ulimshika mkono."

"Nilimshika," Zulfa alisema. Akaendelea akitokwa na machozi, akisema kwamba aliogopa, kwamba ana watoto, kwamba kila siku alitoka nyumbani kwake akiwa amekusudia kumwambia.

Bakary alimgeukia Felomena. Uso wake ulikuwa umelegea kabisa, kama wa mtu aliyeamshwa akiwa na homa.

"Afande," alisema, "naomba ufunge kioo."

Felomena alizungusha kishikio. Kioo kilipanda kwa kukwamakwama mpaka kikafika juu, na Zulfa aliendelea kusema upande wa pili.